Nani Ameuharibu Upanga Wangu? Kuriseti Pointi za Gemu ni Nini Hasa

Jumamosi moja alasiri, katika chumba cha gemu cha mpwa wangu pale Kondele, Kisumu, kijana wa kidato cha nne alilipia saa mbili, akashika padi, akabonyeza kitufe cha kuendelea. Haikupita dakika akapiga ukelele: "Nimeibiwa!" Wenzake waliokuwa wakicheza mpira kwenye skrini ya pili waligeuka wote, kila mmoja mkono mfukoni kupapasa simu yake.

Simu zilikuwepo zote. Kilichokuwa kimepotea ni mhusika wake ndani ya Elden Ring. Likizo nzima alikuwa amemlea askari wa mabavu, mwenye upanga mrefu kama mlango. Sasa mbele yake alisimama mchawi. Upanga ulikuwepo mkobani, lakini kila akiuinua mhusika anayumba kama amebebeshwa nguzo ya stima. Adui wa kwanza alimgusa mara mbili, akafa.

Kumbe asubuhi mteja mwingine alikaa kwenye kiti kilekile, akabonyeza kitufe kilekile cha kuendelea, mashine ikamfungulia mhusika wa mwisho kuchezwa. Hakuuliza ni wa nani. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Rennala, malkia wa chuo cha uchawi cha Raya Lucaria, akariseti pointi zote ili aonje uchawi ulivyo. Saa yake ikaisha, akaenda zake.

Ugomvi haukunishangaza. Yalinishangaza maelezo. Mmoja alisema gemu imefutwa, sharti ianzwe upya. Wa pili akasema huo ni wizi wa mtihani, mhusika aliyerisetiwa hahesabiki. Wa tatu aliapa kwamba ukiriseti unaongezewa pointi. Mama mmoja aliyekuja kumtafuta mwanawe akasikia neno "riseti" naye akachangia: simu yake iliporisetiwa na fundi, picha zote za harusi zilikwenda na maji. Neno lilikuwa moja, mambo manne, na hakuna aliyekuwa na habari kwamba anazungumzia kitu tofauti na mwenzake.

Tuanze basi na pointi zenyewe. Katika gemu za aina hii unaongoza mhusika mmoja, unapigana kwa vidole vyako papo hapo, na kadiri unavyoshinda ndivyo anavyopanda levo. Kila levo inakupa pointi. Pointi ni kama mtaji ulio mkononi: haina kazi mpaka uinunulie kitu. Baadhi ya gemu hukuuzia sifa, yaani uhai, nguvu, wepesi, stamina, akili. Nyingine hukuuzia ujuzi, yaani kazi maalumu kama kurusha moto au kuita mifupa ya wafu ikupiganie, na mara nyingi ujuzi huo huchorwa kama mti ambao tawi la juu halifunguki kabla ya la chini. Elden Ring hutumia sifa. The Witcher 3 hutumia ujuzi. Diablo II ina vyote viwili: kila levo ni pointi 1 ya ujuzi na 5 za sifa.

Kuriseti pointi ni kurudishiwa mtaji huo wote ili ununue upya.

Chukua mfano wa duka. Umefungua kibanda Nyalenda kwa mtaji wa shilingi elfu hamsini na moja. Umejaza unga na sukari. Baada ya miezi mitatu unagundua watu wa mtaa ule wanataka sabuni na mafuta ya taa. Sasa fikiria msambazaji mwenye moyo wa ajabu anakuja, anabeba unga na sukari yote, anakurudishia elfu hamsini na moja zako taslimu. Kibanda kimebaki chako. Leseni iko ukutani. Wateja wanakujua kwa jina, na daftari la madeni halijaguswa. Kilichobadilika ni bidhaa rafuni tu. Msambazaji wa namna hiyo hayupo Nyalenda wala Milimani, lakini ndani ya gemu yupo, na kwenye Elden Ring ndiye huyo Rennala.

Kwa hiyo yule kijana hakufutiwa chochote. Levo yake ilikuwa 60 na ikabaki 60. Maadui wakubwa aliowaua wamebaki wameuawa, ramani aliyoifungua iko wazi, upanga alioupeleka kwa mhunzi mara kadhaa bado una makali yaleyale. Kuanza upya ni kufunga kibanda na kwenda kutafuta kingine. Kufuta gemu ni kuchoma kibanda. Na riseti ya simu aliyoisema yule mama ni jamaa wa kufuta, haina undugu na riseti ya pointi hata kidogo. Nadhani nusu ya woga ninaousikia juu ya jambo hili umeletwa na mafundi wa simu.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapo ndipo penye utamu. Kijana alianza safari na askari wa daraja linaloitwa Vagabond. Huyo huanzia levo ya 9 akiwa na uhai 15, nguvu 14, wepesi 13, stamina 11, na zinazobaki chini ya hapo. Kutoka 9 hadi 60 ni levo 51, ndiyo maana mtaji wetu ulikuwa hamsini na moja. Yeye alikuwa amezigawa vizuri tu: uhai ukafika 30, nguvu 34, wepesi 20, stamina 20. Piga hesabu mwenyewe, zinatoka 51 kamili.

Mgeni wa asubuhi alizikusanya zote akamwaga 41 kwenye akili, ikafika 50, na 10 zilizobaki kwenye ile sifa inayoongeza akiba ya uchawi. Uhai ukabaki 15 za kuanzia. Kwenye Elden Ring uhai wa 15 ni sawa na vipimo 522 vya damu, na uhai wa 30 ni 994. Yaani damu ya mhusika ilipungua karibu nusu huku yeye akisimama palepale alipokuwa, mbele ya maadui walewale. Ndiyo maana mapigo mawili yakamtosha.

Na upanga je? Silaha zina masharti. Ule aliokuwa nao unaitwa Greatsword na unadai nguvu 31 na wepesi 12. Mhusika sasa alikuwa na nguvu 14. Mchezo hautakunyang'anya upanga kwa sababu hiyo, utakuachia uubebe, ila pigo litakuwa dhaifu na mwendo wa aibu. Ipo njia ya pembeni: ukishika silaha kwa mikono miwili, nguvu yako huhesabiwa mara moja na nusu, hivyo mwenye 21 anafikia 31 zinazotakiwa. Mwenye 14 anapata 21, bado yuko mbali. Stamina nayo ilikuwa imerudi 11, na stamina ndiyo inayobeba uzito wa mavazi. Mavazi ya chuma yaliyokuwa mepesi asubuhi yakawa mzigo mchana, na kila akijaribu kubingirika kukwepa pigo, anaanguka kama gunia la mahindi kutoka juu ya lori.

Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Mtu anariseti pointi, anasahau kwamba vazi, silaha na pete alizonazo zilichaguliwa kwa ajili ya mtu mwingine, yule wa zamani. Kisha anailaumu riseti. Ni kama umegeuza banda la kuku kuwa la ng'ombe, ukaacha mlango uleule.

Jambo jingine ambalo haliandikwi kwenye skrini, na ambalo linamfanya mtu atake kuriseti hata kama hakukosea chochote: pointi hazina thamani sawa kila mahali. Wakulima wa Bungoma na Kakamega wanalijua hili bila kufundishwa. Mfuko wa kwanza wa mbolea kwenye shamba la mahindi unaonekana kwa macho. Wa pili unasaidia. Wa nne unanunua majani. Kwenye Elden Ring, kutoka uhai 30 hadi 40, pointi kumi zinakuongezea damu 456. Kutoka 40 hadi 60, pointi ishirini zinakupa 450. Halafu kutoka 60 hadi mwisho wa njia, yaani 99, pointi thelathini na tisa zinakupa 200 tu. Anayeendelea kumwaga pointi hapo juu anamwagilia mbolea barabarani. Na wengi hulijua hili wakiwa wameshamwaga, kwa sababu gemu inakutaka uchague kabla hujaelewa unachagua nini. Kuriseti kunatibu ujinga huo wa mwanzo, ambao ni wa kila mtu.

Lakini hakurudishi kila kitu. Zile sifa za kuanzia, 14 za nguvu na wenzake, haziguswi. Ni rafu za zege zilizojengwa pamoja na ukuta wa kibanda: bidhaa utabadilisha, rafu hapana. Askari akitaka kuwa mchawi ataendelea kubeba nguvu asizozihitaji. Anayeanza safari kama Astrologer, mtaalamu wa nyota, huanzia akili 16 na nguvu 8, na wakikutana levo moja atakuwa mbele kidogo kwa upande wa uchawi. Kidogo, si sana. Sijawahi kuona mtu akishindwa gemu kwa sababu hiyo, ingawa nimewasikia wakibishana juu yake hadi muda wa kulipia ukaisha.

Mbona basi Rennala hafanyi kazi hiyo bure? Kwanza lazima umshinde vitani. Pili, kila mara anataka chozi moja liitwalo Larval Tear, na machozi hayo yana idadi maalumu katika safari moja. Hapa ndipo gemu zinapotofautiana kabisa, na ndipo watu wanapodanganyana, kwa kuwa mtu huchukua sheria ya gemu aliyoizoea akaifanya sheria ya dunia.

Ilipotoka mwaka 2000, Diablo II haikuwa na njia ya kurudi. Ukiweka pointi pabaya umeziweka milele, kama kitambaa kilichokwisha kupita kwenye mkasi wa fundi. Matokeo yake wachezaji walizuia pointi zao, wakapigana wakiwa dhaifu makusudi mpaka levo ya 30 ambako matawi ya mwisho ya mti hufunguka. Fikiria mtu anayelala njaa ili asije akanunua chakula kisicho sahihi! Ilichukua hadi mwaka 2010, kwenye toleo la 1.13, ndipo bibi Akara wa kambi ya kwanza akapewa kazi ya kurudisha pointi, mara moja kwa kila daraja la ugumu, na madaraja ni matatu. Aliyetaka zaidi ya hapo alilazimika kukusanya masalio manne ya mashetani wakubwa na kuyaunganisha. Miaka kumi mizima.

Wengine walichagua pesa za humohumo ndani ya gemu. The Witcher 3 ya mwaka 2015 inauza dawa ya kunywa kwa sarafu 1,000. Diablo IV, ilipotoka 2023, ilikutoza dhahabu kwa kila pointi, na bei ikapanda kadiri unavyopanda levo. Cyberpunk 2077 inafundisha zaidi. Mwaka 2020 ilikutaka ulipe 100,000 za pesa ya mchezo, na hata hivyo ikakurudishia ujuzi peke yake, sifa zikabaki zimefungwa. Septemba 2023 wakatoa toleo la 2.0: ujuzi ukawa wa kurudisha bure wakati wowote, na sifa mara moja tu. Wachezaji walilalamika, waundaji wakasikia, ingawa si kwa yote.

Path of Exile ya 2013 hairudishi kwa jumla kabisa. Unatoa pointi moja moja, kila moja ikiwa na gharama yake, na huwezi kung'oa ya katikati ambayo nyingine zinaiegemea. Waliowahi kuvunja nyumba ya mabati wanaelewa: unaanza na paa, kisha papi, nguzo mwisho. Katika gemu hiyo watu hugundua wamekosea pointi ya tano baada ya kuweka ya themanini, na hapo ndipo kilio kinapoanza.

Kisha kuna Bloodborne, 2015, ambayo haina habari hiyo. Umeamua, umeamua.

Waundaji hawafanyi hivyo kwa ubahili. Kama kubadili mhusika ni bure na ni papo hapo, utakuwa unavaa uchawi kwa adui huyu na rungu kwa yule, kama mtu anayebadilisha shati, na ule mhusika "wako" hatakuwa wako tena. Uchaguzi usio na gharama ni vigumu kuukumbuka. Upande wa pili, kumfunga mtu maisha kwa uamuzi alioufanya saa ya kwanza, wakati hajui hata kitufe cha kuruka kiko wapi, ni kumwonea. Mimi niko na wale wa katikati: bei iwepo, iume kidogo, isikatishe tamaa. Chozi la Rennala naliona bei ya haki.

Na nina sababu ya kwetu. Watu wengi wanaoandika juu ya gemu huko nje wanacheza nyumbani, mashine ni yao, usiku wote ni wao. Kwao kuanza upya ni kupoteza muda. Hapa Kondele, kama ilivyo Kaptembwa kule Nakuru, kijana analipia saa, tuseme shilingi hamsini. Gemu kama hii humla saa sitini bila yeye kutambua, na hiyo ni elfu tatu, iliyopatikana kwa kuosha pikipiki na kuruka chakula cha mchana. Ukimwambia "anza upya ujifunze" unamwambia alipe elfu tatu nyingine. Ndiyo maana namkatalia yule aliyesema kuriseti ni udanganyifu. Udanganyifu ni kuingiza pointi ambazo hukuzitolea jasho. Hapa zinarudi zilezile ulizozitafuta, hakuna moja iliyoongezeka, na aliyeapa kwamba zinaongezeka huenda alikuwa ameacha nyingine bila kuzitumia, akaziona zote pamoja mara ya kwanza akadhani ni zawadi.

Kuhusu pesa halisi, hapo sitabisha sana. Zipo gemu za mtandaoni zinazouza riseti kwa pesa ya mfukoni, na mzazi ana haki ya kuuliza. Ila Elden Ring haiuzi machozi hayo kwa pesa ya kweli, wala The Witcher 3 haiuzi dawa yake. Aliyeambiwa na mwanawe kwamba anahitaji mia mbili za M-Pesa "za kuriseti" kwenye gemu hizi, amtazame machoni vizuri.

Turudi kwa kijana wetu. Mpwa wangu alifungua mkoba wa mhusika, akakuta machozi mawili yamebaki. Wakampeleka mchawi huyo hadi kwa Rennala, akikimbia mbio, akiogopa hata mbwa. Skrini ya riseti ikafunguka: sifa zimepangwa kwa mstari, kila moja na namba yake, unaongeza na kupunguza kwa vishale. Na hapo likaja tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria. Kijana hakukumbuka namba zake. Nguvu 34 aliikumbuka. Zilizobaki alizijua kwa hisia tu, kama mpishi asiyepima chumvi.

Wakiwa katikati ya kubishana, tokeni za stima zikaisha. Chumba giza, kimya, kisha mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba chozi nalo limekwenda. Mpwa wangu akakimbia kununua nyingine kwa simu. Mashine ilipowaka, chozi lilikuwepo, mchawi alikuwepo, hakuna kilichobadilika. Ukiwa bado unapanga namba, hujalipa. Unalipa pale unapothibitisha, na ukirudi nyuma kabla ya hapo umetoka salama.

Mara ya pili walipanga kwa utulivu. Nilimweleza habari ya masharti ya upanga na ile ya mbolea. Akaona nguvu 34 ilikuwa na 3 za urembo, akashusha hadi 31. Nikamwambia kwa mikono miwili 21 zingetosha, akakataa, anapenda ngao yake na hataiacha. Sawa. Wepesi akaushusha hadi 17, stamina akaiacha 20, zilizobaki akazipeleka kwenye uhai ukafika 36. Akahesabu kwa vidole: 17, na 4, na 9, na 21. Hamsini na moja. Akathibitisha.

Siku hizi karibu na skrini ya kwanza kuna daftari la shule limefungwa kwa uzi kwenye msumari. Kila mteja mwenye mhusika wake huandika jina na namba. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa herufi kubwa: UHAI 36, NGUVU 31, STAMINA 20, WEPESI 17. USIGUSE. Chini yake, kwa kalamu nyekundu na mwandiko wa mtu mwingine: "Pole bro. Lakini uchawi mtamu."